Kibali cha Tope

Sogeeni karibu. Na wewe unayechungulia pale mlangoni, ingia ukae na wenzako, maana hadithi ya leo haitaki kusikilizwa kwa kujibanza.

Hapo zamani za kale, nyuzi za buibui zilipokuwa bado na nguvu ya kubeba sauti, wanyama wa Bonde la Migunga walikuwa na simu. Ndiyo, simu, msinicheke. Buibui alitandaza nyuzi zake kutoka nyumba hadi nyumba, na kila mwisho wa uzi akafunga kibuyu kikavu. Ukitaka kumsalimia dada yako kule kilimani, unaweka kibuyu chako mdomoni, yeye anaweka chake sikioni, na sauti yako inapita kwenye uzi, nnnng, mpaka kwake. Nyuzi zote zilipitia kwenye mgunga mmoja mkubwa katikati ya bonde. Hapo ndipo Buibui alipozikaza zisilegee.

Raha ilikuwa kubwa. Watu walipiga soga mpaka uji ukaungulia jikoni.

Lakini ng'ambo ya mto walikaa Chui, na Chui hao walikuwa na tabia ya kuja bila kualikwa. Mfalme Simba akaona kwamba nchi inahitaji sikio. Kama kuna mtu bondeni anayewaambia Chui ni lango gani limeachwa wazi, basi ni heri ajulikane mapema. Akamteua Fisi kuwa mkuu wa usalama, akampa chumba chini ya ule mgunga.

Simba naye hakuwa mjinga. Alikuwa na kibuyu chake chumbani, na hakutaka Fisi asikie anavyofokewa na mkewe. Kwa hiyo akaweka sheria. Fisi asiweke sikio kwenye uzi wa mtu yeyote mpaka aende kwa Hakimu Tembo, aeleze ni uzi wa nani na kwa nini. Hakimu akiridhika, anachukua kigae chenye tope bichi na kulibonyeza kwa ncha ya mkonga wake, na alama ya matundu mawili inabaki pale. Hicho ndicho kibali. Kinafanya kazi wakati tope lingali bichi. Likikauka na kupasuka, kibali kimekufa, na Fisi lazima arudi kwa hakimu akaeleze upya.

Sheria nzuri, au siyo? Ilikuwa na kasoro moja tu. Fisi aliingia kwa hakimu peke yake na mlango ukafungwa, kwa kuwa mambo ya usalama ni siri. Hakimu alisikia upande mmoja, na upande wenyewe ulikuwa na meno mengi.

Wakati wa masika Fisi aliomba kibali cha kusikiliza uzi wa Kenge, aliyeishi ukingoni mwa mto. Na kweli, Kenge alikuwa akipeleka habari kwa Chui. Akashikwa, akafukuzwa nchini, na watu wakalala usingizi mzuri. Fisi akasifiwa kila alikopita, na siwezi kumnyima sifa hiyo, maana aliipata kwa haki.

Tatizo ni kwamba sifa zilimpanda kichwani. Kile kigae hakukiacha kikauke. Alikificha kivulini nyuma ya chumba chake, na kila asubuhi akakimwagia maji, chwaa, tope lisije likapasuka. Na kwa kuwa nyuzi zote zilipita juu ya kichwa chake, akawa anazisikiliza zote, za posa na za msiba, za watu na wake zao, huku amenyoosha miguu.

Sasa bondeni hapo aliishi Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga wengi na mdomo usiotulia. Siku moja alimpigia dada yake wa kilimani wakazungumza habari za ghala la akiba, lile ambalo kila nyumba ilichangia chakula kwa ajili ya kiangazi. Alisema nyama kavu inapungua na hakuna anayeuliza. Tena, akasema, nje ya ghala ameona nyayo za mtu mwenye miguu mikubwa mbele na midogo nyuma.

Chini ya mgunga, Fisi akatazama miguu yake ya mbele. Akatazama ya nyuma.

Kesho yake Nyati, askari wa baraza, alifika kwa Bi Kanga na kamba. Alimwambia kwamba amesikika akizungumza kuhusu ghala la nchi, na mambo ya ghala ni mambo ya usalama, kwa hiyo atashitakiwa. Bi Kanga aliuliza amesikika na nani. Nyati akajibu kwamba hiyo ni siri. Aliuliza adhabu yake ni nini, na hilo halikuwa siri hata kidogo. Akionekana na hatia atavushwa mto jioni hiyo hiyo.

Na ng'ambo ya mto, wanangu, kanga hafikishi asubuhi. Vifaranga walibaki mlangoni wakilia, piyo, piyo, piyo.

Jirani yao alikuwa Sange. Mnamjua Sange? Ni mdogo wa kukaa kiganjani, ana miguu myembamba na pua ndefu inayochezacheza muda wote. Hatembei, anaruka, pu, pu, pu. Aliwachukua vifaranga wote nyumbani kwake, akawapa chenga za mtama, akafunga mlango wa Bi Kanga uliobaki wazi, kisha akaruka moja kwa moja mpaka kwa Hakimu Tembo.

"Mheshimiwa," akasema, "Bi Kanga alizungumza na dada yake akiwa ndani kwake. Fisi amejuaje?"

Tembo akamjibu kwa upole kwamba hilo ni jambo la usalama. Sange akauliza kama Fisi ana kibali cha uzi wa Bi Kanga. Hilo nalo ni siri, akajibiwa. Basi, Sange akasema, anaomba kufungua kesi, kwamba Fisi anasikiliza nyuzi za watu bila ruhusa.

Tembo akapepea masikio yake makubwa. "Ulimwona akisikiliza?"

"Sikumwona. Anasikiliza kwa siri."

"Kama hukumwona, huna ushahidi. Kama huna ushahidi, sina kesi."

"Na huo ushahidi nitaupata wapi, Mheshimiwa, ikiwa kila ninachouliza ni siri?"

Tembo hakuwa hakimu mbaya, msimchukie. Hakuwahi kula hongo wala kumwonea mtu kwa makusudi. Ila alikuwa amezoea kumsikia Fisi peke yake, na mtu akisikia sauti moja kwa muda mrefu huanza kudhani ndiyo dunia nzima. Mwishowe akasema, "Niletee kitu ninachoweza kukiona kwa macho yangu. Kesi ni alasiri ya leo."

Sange alitoka akiwa na hasira mpaka pua inatetemeka. Nyumbani vifaranga walimzunguka wakamuuliza mama yao anarudi lini. Akawaambia anarudi leo. Alisema hivyo bila kujua atamrudishaje, na ndani ya moyo aliogopa sana.

Akakaa akifikiri, pua ikicheza kulia, ikicheza kushoto. Mara ikatulia.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichuguu cha zamani chenye shimo. Sange akakata majani ya mgomba, akajifunga mikono mpaka mabegani, akaenda kichakani kuchuma upupu. Mnaujua upupu? Ambaye haujui aombe asiujue. Ni yale maganda yenye manyoya laini ya dhahabu, yanapendeza kuyatazama, lakini yakikugusa utajikuna mpaka umsahau aliyekuzaa. Akayasukumia yote ndani ya shimo kwa kijiti na kuyafunika kwa majani makavu.

Kisha akaingia ndani, akachukua kibuyu cha ule uzi uliokwenda nyumbani kwa Bi Kanga. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, watu wote wamelala.

"Shoga," akanong'ona, lakini mnong'ono wa kusikika vizuri. "Ile mifupa mikubwa, yenye uboho ndani, nimeificha kwenye kichuguu nyuma ya kwangu. Nimeifunika kwa majani. Jioni tutaigawana, ila usimwambie mtu."

Vifaranga walimkodolea macho. Mmoja akamwuliza, "Shangazi, unazungumza na nani? Kule kwetu hakuna mtu."

"Ndiyo maana nazungumza," akasema Sange, akaweka kibuyu chini.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mambo mawili. Sange anakula wadudu tangu kuzaliwa, mifupa ya nini? Na upande wa pili mbona hakuna aliyeitikia? Lakini Fisi akisikia neno uboho, akili yake huondoka kwanza, miguu ikafuata. Alitazama huku na huku, akaona bonde lote limelala, akanyapia mpaka kwenye kichuguu. Akatumbukiza kichwa, akachimbua kwa miguu yote, faku, faku, faku, akijisugua tumbo kwenye majani.

Alipotoka hakuwa na mfupa hata mmoja. Alikuwa na upupu kuanzia puani mpaka mkiani.

Alasiri baraza likajaa. Bi Kanga alisimamishwa katikati, kamba mguuni, Nyati kando yake. Alikuwa amesinyaa, haongei, na hilo liliwatisha watu kuliko kamba yenyewe. Vifaranga wake walikaa nyuma ya Sange wakinyoosha shingo wamwone.

Fisi aliingia kwa hatua za kiserikali. Akasimama wima kusoma mashitaka. Alisema kwamba mshitakiwa, kwa nia mbaya, kwaru, alizungumza habari za ghala, kwaru kwaru, na kuihatarisha nchi, kwaru kwaru kwaru. Kila akimaliza neno alijikuna mahali. Mwisho akaegemea nguzo ya baraza na kujisugua mgongo mpaka paa likatikisika.

"Mkuu wa usalama," Tembo akauliza, "unaumwa?"

Fisi akasema ni joto tu. Hapo Sange akaruka mbele, pu, pu, pu, akaomba kuuliza swali moja. Tembo akamruhusu.

"Bwana Fisi, huo mwasho wako naufahamu. Ni upupu wa kwenye kichuguu changu. Ulifuata nini mle ndani?"

Mtu akiwashwa hana subira, na Fisi hata bila kuwashwa hakuwa nayo. "Mwongo mkubwa wewe!" akafoka. "Ulisema kuna mifupa!"

Vifaranga wakasogea mbele wasikie vizuri.

"Nilimwambia nani?" Sange akauliza taratibu.

"Ulimwambia Kanga, kwa kibuyu chako, adhuhuri ya leo! Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Na adhuhuri ya leo Bi Kanga alikuwa wapi?"

Watu wote wakageuka kumtazama Bi Kanga. Bi Kanga akautazama mguu wake wenye kamba. Nyati akakohoa, akasema kwa aibu kwamba tangu asubuhi alikuwa naye mahabusu na hakuondoka hata kidogo.

"Mheshimiwa," Sange akamgeukia Tembo, "niliongea na nyumba tupu. Hakuna kiumbe aliyenisikia isipokuwa vifaranga hawa niliokuwa nao, na mwenye sikio kwenye uzi. Ulitaka kitu cha kuona kwa macho. Mtazame anavyojikuna."

Fisi alipoona mambo yameharibika akakumbuka ngao yake. Akajikausha, akasema kwa sauti ya juu kwamba hana kosa lolote, kwa kuwa ana kibali cha hakimu mwenyewe, tena kiko hai, tope lake bichi. Akamwamuru Nyati akakilete. Wengine waliokuwa wamenyanyua midomo ya kuzomea wakaishusha, wakamtazama Tembo kwa mashaka. Sange naye hakutegemea kwamba kungekuwa na kibali kilicho hai.

Nyati akarudi amebeba kigae kwa uangalifu, kikichuruzika maji, akakiweka chini mbele ya hakimu. Ilikuwa kweli ni tope bichi. Alama ya matundu mawili ilikuwa bado inaonekana, ingawa kwa shida, kwa sababu juu yake nyasi zilikuwa zimeota, ndefu, za kijani, zinapepea. Tembo akainama. Akazipanua nyasi kwa mkonga ili aione alama yake vizuri.

Chupu! Kijichura kikaruka kutoka ndani ya kibali, kikamgonga hakimu kwenye pua, kikaenda zake.

Hakuna aliyethubutu kucheka kabla ya hakimu. Tembo alikitazama kigae, halafu akamtazama Fisi.

"Hiki nilikitoa kwa ajili ya uzi wa Kenge," akasema. "Wakati wa masika. Kenge ameshaondoka, masika yameshaondoka, na tope langu limekuwa shamba."

Fisi akajaribu kueleza kwamba nyuzi zote zinapita mahali pamoja, kwamba mtu hawezi kusikiliza mmoja bila kuzisikia nyingine. Tembo akamwita Buibui, akamwuliza kama hilo ni kweli. Buibui akashuka kwenye uzi wake akajibu kwamba kila uzi una fundo lake, na ukishika mmoja unausikia huo huo. Mbona hakusema siku zote hizo? Buibui akainamisha macho yake yote. "Niliambiwa ni siri," akasema.

Kuhusu ghala, Bi Kanga alizitaja kwa sauti ndogo zile nyayo alizoziona nje, kubwa mbele na ndogo nyuma, na ikatosha. Mtu akatazama miguu ya Fisi, ya mbele na ya nyuma, akaelewa.

Tembo mwenyewe ndiye aliyefungua kamba mguuni mwa Bi Kanga, kwa mkonga, polepole asimwumize. Akamwomba radhi mbele ya watu wote. Alisema alikuwa akibonyeza tope kila Fisi alipolisogeza mbele yake, na hakuwahi kwenda kutazama kama limekauka. Vifaranga hawakungoja amalize hotuba. Walimvamia mama yao, piyo piyo piyo, mpaka akaangukia mgongo, na mdomo wake ukarudi kufanya kazi pale pale.

Kisha hakimu akatoa amri. Kusikiliza hakukatazwi, akasema, kwa sababu Chui bado wapo na meno yao bado yapo. Lakini kuanzia siku hiyo kibali hakitalala kwa mwenye kukiomba. Kitaanikwa juani mbele ya baraza, kila apitaye akione kinavyopasuka. Na wakati mtu anaomba kusikiliza uzi wa mwenzake, lazima chumbani awepo mwingine wa kumsemea yule ambaye hayupo. Kazi hiyo akampa Sange.

Watu walishangilia, halafu hasira zikawapanda. Wakaanza kupiga kelele kwamba Fisi avushwe mto sasa hivi, hana haja ya kujitetea, kila kitu kimeshaonekana. Fisi akaufyata mkia, kwaru, kwaru, macho yamemtoka.

Tembo akainua mkonga. "Nani anamsemea Fisi?"

Kila mtu akatazama miguu yake. Bi Kanga peke yake ndiye aliyemtazama Sange, na Sange akapumua kwa nguvu. Kazi aliyopewa muda huo huo ilikuwa tayari imeanza kumchosha. Akaruka katikati, pu, pu, pu, akasimama kando ya Fisi.

"Mheshimiwa, naomba kwanza apewe majivu ajipake," akasema. "Mtu anayewashwa hawezi kujieleza."

Ndipo Tembo akacheka, na baraza lote likacheka naye, hata Nyati. Majivu yakaletwa. Fisi akajipaka akawa mweupe kama mzuka, akajieleza, akasikilizwa mpaka mwisho. Hakuvushwa mto. Alivuliwa ukuu wa usalama, akaambiwa awinde na kujaza ghala mpaka lirudi lilivyokuwa, na ndiyo maana hadi leo mnamwona fisi yuko njiani tu, usiku na mchana, kama mtu mwenye deni.

Jioni hiyo nyuzi zikaimba bonde zima, nnnng, nnnng. Bi Kanga alimpigia dada yake kumweleza yote tangu mwanzo, akafika kwenye chura, akaanza tena, na uji ukaungulia.

Basi hadithi nimeitua hapo, mwenye kuibeba aibebe. Na wewe uliyekuwa mlangoni, si umeona kwamba ukiingia na kukaa unasikia vizuri zaidi?

Mafunzo yake ni haya: sikio linalolinda nchi lazima nalo liwe na mtu wa kuliangalia.